Sampuli inaondoka, jibu halirudi: tuongee ukweli kuhusu labo zetu na huu "ushirikiano wa kimataifa"

Fundi wa Labo (Goma), mwanzilishi wa uzi

Ndugu zangu, hodi. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Juma lililopita nilikuwa nje ya labo yetu nanawa mikono kwa maji ya ndoo, maana bomba lilikuwa limenuna tangu Jumapili. Akaja mama mmoja wa Majengo, mtoto mgongoni. "Docta, ile pamba uliyompitishia mwanangu kwenye vidonda, ilisema nini?" Mimi si daktari, ni fundi wa labo katika kituo kidogo ambacho sitakitaja, lakini hapa kwetu kila mwenye koti jeupe ni Docta. Nikafungua daftari. Sampuli iliondoka siku 19 nyuma. Safu ya jibu iko nyeupe. Mtoto mwenyewe magamba yameshaanguka, anacheza. Mama hakuwa na shida na huyo tena. Alitaka kujua kama wale wawili wanaolala naye kitanda kimoja awatenge au awaache. Nikamwambia anachokijua tayari: wasichangie taulo, wanawe mikono, awaangalie ngozi kila asubuhi. Akanishukuru kwa heshima, ile heshima ya mtu ambaye hatarudi.

Sasa nipigeni hesabu. Sampuli ya mpox (ile ndui ya nyani) ikifika kwenye GeneXpert, mashine ya kupima vinasaba, inatoa jibu ndani ya saa 2. Siku 19 ni saa 456. Toa 2. Zile 454 zilikuwa wapi? Nitawaambia zilikuwa wapi, kwa sababu nimezifuata kwa miguu: siku moja na nusu kwenye friji yetu tukisubiri motari (bodaboda wetu) apate mafuta. Kadhaa kwenye ofisi moja kwa sababu fishi (fomu ya sampuli) ilikuwa na umri wa mtoto lakini haikuwa na kartie (mtaa). Nyingi, nyingi kabisa, zilipita baada ya jibu kutoka. Ndiyo, jibu lilikwishatoka! Lilikuwa kwenye faili la kompyuta ambalo lilikwenda juu, kwa wakubwa na washirika wao, likahesabiwa kwenye jedwali la juma. Kushuka chini kwangu halikushuka.

Kila mwaka tunasikia neno ushirikiano. Mashine zinakuja kweli, sikatai. Mafunzo yanakuja. Mimi nimekwenda mafunzo mara tatu, kofia ninazo. Ila naona ushirikiano wetu umejengwa kama bomba la maji taka: vitu vinakwenda upande mmoja tu.

Na glasiyeri yangu ya bluu haijarudi. (Kwa ndugu wa Tanzania: glasiyeri ni lile sanduku la kubebea vitu vya baridi.) Ilikuwa moja tu.

Karibuni.

Mwana Birere (Goma)

Fundi, wewe bado mtoto. Biashara ya Ebola tuliiona hapa hapa 2018 hadi 2020. Magari mapya, hoteli zimejaa, mwenye nyumba Himbi anapandisha kodi mara mbili. Damu yetu inapanda ndege, inakwenda kwa Wazungu, wanatengeneza dawa, wanatuuzia. Unashangaa jibu halirudi? Jibu si mali yako. Wewe ni shamba, na shamba halipewi taarifa za soko.

Fundi wa Labo

Yaya (mkubwa wangu) Birere, nusu nakubali, nusu nakataa, na nitaanza na ile ninayokubali.

1976, Yambuku, kule Équateur. Watu wanakufa, hakuna anayejua ni nini. Muyembe, wakati huo daktari kijana, anakwenda anachukua damu kwa mikono mitupu, bila glavu. Damu inasafiri hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, thermos ya dukani, na barafu. Inafika barafu imeyeyuka, kichupa kimoja kimevunjika. Kirusi kikaonwa kwenye darubini za nje, na jina kikapewa na watu wa nje, jina la mto wetu. Kwa miaka mingi sana vitabu vilimtaja kijana wa Antwerp, Peter Piot, kuliko aliyechukua damu. Hapo una haki kabisa.

Ile ninayokataa: mambo hayakubaki pale. INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, ilianzishwa Kinshasa 1984, na huyo huyo Muyembe ndiye aliyekuja kuiongoza. Mgonjwa mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kinga kutoka kwenye damu yake ndiyo iliyozaa dawa iliyoitwa mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa wapi? Hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Novemba 2018, kwenye utafiti ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha. Agosti 2019 zikaonekana dawa mbili zinaokoa kuliko nyingine, hiyo na REGN-EB3, na kuanzia hapo wagonjwa wa Beni na Butembo wakapewa hizo mbili tu. Damu iliondoka Kikwit, ikarudi Beni kama dawa. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini ilirudi.

Mwana Birere (Goma)

Ilirudi ikiwa chini ya kampuni ya Marekani. Endelea tu na hadithi.

Fundi wa Labo

Hiyo ni kweli, sina jibu lake. Hata mkataba wa dunia wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 ulipita bila kipengele hicho hicho kumalizwa: nani anatoa kirusi, nani anapata dawa na chanjo. Walikiweka pembeni kama kiambatisho cha kujadiliwa baadaye.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Jamani mimi nitatoka Geneva, nirudi Kamituga.

Kamituga ni mji wa dhahabu, huku kwetu Kivu ya Kusini, teritware (wilaya) ya Mwenga. Kwenye ramani si mbali na Bukavu, hata kilomita 200 hazifiki. Msimu wa mvua, lori linaweza kulala njiani juma zima. Mwishoni mwa 2023 wauguzi wa kule walianza kuona vidonda sehemu za siri, kwa wachimbaji na kwa akina dada wanaofanya kazi kwenye baa. Mpox sisi tuliijua kama ugonjwa wa msituni, wa watoto, wa nyama ya porini. Mgonjwa wa kwanza duniani alikuwa mtoto wa Basankusu, 1970. Hii ya Kamituga haikufanana.

Sampuli zikafikishwa INRB, wakasoma vinasaba vyote vya kirusi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakaona vitu viwili. Kwanza, kulikuwa na alama nyingi za aina moja, zile ambazo kinga ya mwili wa binadamu huziacha kwenye kirusi kinapopita. Kirusi kilikuwa kinatoka mtu kwa mtu. Hakikutoka kwa mnyama kila mara. Pili, na hii ndiyo inanitisha hadi leo, kipande kimoja cha kirusi kilikuwa kimepotea. Na kipande hicho ndicho kipimo cha kutambua ukoo wa kwanza kilikuwa kinakitafuta! Maana yake: ungepima kwa kipimo kile peke yake, mashine ingekuambia hakuna kitu, na mgonjwa amekaa mbele yako ana vidonda. Kipimo cha jumla cha mpox kilikuwa bado kinakamata, kile cha ukoo ndicho kilichopofuka. Wakakipa jina, ukoo wa Ib.

Kwa hiyo Fundi, usiseme labo ya mbali haina faida. Bila wale wa kusoma vinasaba, na bila washirika waliowaletea mashine na kuwafundisha, tungekuwa tunapima kwa fimbo iliyovunjika.

Bwana Wa Karière (Kamituga)

Mama Muuguzi unasema kweli. Sisi ba huku tulionaka ile maneno mbele ya bote. Batu balikuwa banasema ni uchawi, bengine SIDA (UKIMWI) mupya. Lakini mimi niliugua, banikamata ile ma-pamba ya vidonda, hata leo hakuna mutu alinipigia simu. Nilijua jina ya ugonjwa yangu kwa radio.

Fundi wa Labo

Mmemsikia? Kirusi chake pengine kimesomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kimekuwa jedwali kwenye kompyuta za dunia nzima. Yeye amejulishwa na redio.

Mama Muuguzi, sijasema labo ya mbali haina faida. Ninasema hivi: mtu asiyeletewa jibu mara ya kwanza, mara ya pili hatatoa kidonda chake. Atakwenda kwa mganga au atakaa ndani. Na ile labo nzuri ya vinasaba itapata nini cha kusoma? Uchunguzi wa milipuko hauanzi na mashine. Unaanza na mtu anayekubali kukunjwa shati.

Msukuma Original (Mwanza)

Wakuu, salaam kutoka ziwa la upande huu. Nauliza kitu cha kijinga: kwa nini msipeleke sampuli kwa jirani? Goma na Gisenyi ya Rwanda ni kuvuka barabara tu. Siku hizi tupo wote Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Sisi Kagera tulipopata Marburg Machi 2023, maabara ya taifa Dar ndiyo iliyothibitisha. Januari 2025 ikaja tena, na safari hii kipimo cha kwanza kilifanyika huko huko Kagera, kwenye maabara tembezi ya Kabaile, halafu Dar ikahakikisha. Hayo maabara tembezi si ya kubeza. Gari linamfuata mgonjwa. Jumuiya iligawa kama hayo kwa nchi wanachama, kwa pesa za Wajerumani na mafunzo ya taasisi yao ya Hamburg, wakati ninyi hamjaingia bado.

Mpita Mpakani (Goma)

Mkuu wa Mwanza, kuvuka barabara kwa nyanya ni rahisi. Kuvuka na kirusi ni kitu kingine.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya usafirishaji, nazijua karatasi. Sampuli inayodhaniwa tu ina kundi lake la hatari na namba yake ya sanduku, kirusi kilichooteshwa labo kina kundi kali zaidi. Tabaka tatu za vifungashio: kichupa, kisha chombo kisichovuja, kisha sanduku gumu la nje. Ruhusa ya nchi inayotoa, ruhusa ya nchi inayopokea, mkataba wa nani atakuwa mwenye sampuli baada ya kupimwa. Hapo bado sijaingiza siasa, na siasa ya mpaka huu kila mtu anaijua, sitaifungua hapa.

Lakini njia ya kufaa ipo, nayo ni kupeleka habari badala ya kupeleka damu. Juni 2019 familia moja ilitoka huku kwetu wakiwa wamemzika babu yao aliyekuwa na Ebola, wakavuka kuingia Kasese, Uganda. Watu wa Beni walipiga simu upande wa pili. Mtoto wa miaka 5 alipofikishwa hospitali, Waganda walijua cha kutafuta, taasisi yao ya virusi ya Entebbe ikapima na kuthibitisha. Haikusambaa Uganda. Entebbe ina uzoefu, ipo tangu 1936, ilianza kama labo ya homa ya manjano. Kila nchi ilibaki na damu yake, jina la ugonjwa likavuka kwa simu.

Julai 2024 vilevile. Mpox ilitokea Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya ndani ya mwezi mmoja, nchi ambazo hazikuwahi kuiona. Kenya waliikamata Taita Taveta, mpakani, kwa msafiri. Wangeitambuaje haraka hivyo kama Kamituga haikuwa imeshasomwa na habari zake kutangazwa?

Mama Tatu Ndosho (Goma)

Mimi nasoma tu kimya, lakini hapa niseme. Mnakumbuka yule mchungaji wa Ebola aliyeshuka basi kutoka Butembo, Julai 2019? Alifika asubuhi ya Jumapili, jioni ile ile jibu lilikuwa limetoka. Siku ile ile! Dereva akajulikana, abiria wakatafutwa, wakachanjwa. Mji huu una watu wangapi, na mpaka wazi, ungewaka kama petroli. Haukuwaka.

Kwa hiyo wanaweza wakitaka.

Fundi wa Labo

Mama Tatu, umeweka kidole kwenye kidonda. Walikuwa wanaweza kwa sababu wakati ule kulikuwa na mashine karibu, mafuta kwenye jenereta, na mtu aliyelipwa kwa ajili ya kupiga simu ya jibu. Mtu mmoja, simu moja. Ebola inaogopwa hadi London, ndiyo maana kila kitu kinakimbia. Vidonda vya mtoto wa Majengo haviogopwi hadi London.

Na kuhara je? Hapa Goma Julai 1994, kambi za wakimbizi, kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 kwa mwezi mmoja. Wale wazee waliokuwa wakiotesha vijidudu kwenye sahani ndio waliogundua kwamba dawa zilizokuwa zinagawiwa, tetrasaiklini na ndugu zake, kipindupindu kile kilikuwa kimeshazizoea. Bila labo wangeendelea kugawa vidonge visivyosaidia kitu. Kipindupindu bado tunacho kila mwaka, na sahani za kuoteshea mimi hupata kwa kuombaomba.

Kijana wa Panzi (Bukavu)

Tupumzike kidogo. Desemba 2024 nimeamka simu ina ujumbe 40: "Uko hai?" Shangazi yangu Nairobi analia. Dunia nzima inasema kuna ugonjwa usiojulikana Panzi. Mimi natoka nje hapa Panzi yetu ya Bukavu, naona watu wananunua samaki wa sambaza kama kawaida. Kumbe ni Panzi ya Kwango, kule magharibi kabisa!

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Hahaha, hata mimi nilipigiwa. Lakini umegusa jambo zito, kijana. Ile Panzi ya Kwango haikuwa na labo karibu. Sampuli zilianza safari ya barabara mbovu kwenda Kikwit, za kwanza zikafika zimeharibika, ikabidi wachukue nyingine. Wakati huo magazeti ya nje yakaandika ugonjwa X. Mwishowe ilionekana ni malaria pamoja na maambukizi ya kifua, kwa watoto wenye utapiamlo. Vitu ambavyo vina vipimo na vina dawa. Watoto walikuwa wanakufa na malaria wakati dunia inabishana kuhusu jina la kutisha.

Mwana Birere (Goma)

Sasa niwaulize. Januari 2025, vita ilipoingia mjini, labo ya INRB hapa Goma ilikuwa karibu kukosa umeme, ndani kuna sampuli za Ebola. Shirika la Msalaba Mwekundu likapaza sauti kwamba zikitoka ni hatari. Je, huo ndio ushirikiano? Mnatuwekea simba kwenye zizi, mlango unategemea SNEL, shirika la umeme?

Fundi wa Labo

Yaya, siku zile sikulala, si kwa risasi tu. Ninajua friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikizimwa inachukua muda gani kupata joto. Swali lako ni la haki na sitakujibu kwa siasa.

Nitakujibu kama fundi. Kuwa na labo hapa ndiko kunakofanya jibu la siku moja liwezekane. Ungeiondoa ukaipeleka Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa siku zile za Januari 2025, sampuli zako ungezipeleka na chukudu, baiskeli yetu ya mbao? Lakini mshirika anayeleta mashine ya maelfu ya dola asilete betri, jua la paa na mafuta ya mwaka, ameleta nusu ya mashine. Sahani za jua zingetosha friji zetu. Zinaandikwa kwenye kila mpango na zinakatwa za kwanza bajeti ikibana.

Na ilibana. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya nje iliposimamishwa ghafla, mashine zote zilibaki mahali pake, hakuna aliyekuja kuzing'oa. Kilichokufa ni pesa ya motari. Dola chache kwa safari. Katriji (vile vikopo vya kupimia vinavyoingizwa kwenye mashine) zipo, mgonjwa yupo, kati yao kilomita 30 na hakuna wa kuzivuka.

Msukuma Original (Mwanza)

Mkuu, ungepewa nafasi ya kudai kitu kimoja tu kwa hao washirika, ungedai nini? Kimoja.

Fundi wa Labo

Ujumbe wa simu. Mashine ikimaliza kupima, jibu liende kwa namba mbili kwa pamoja: ya mkubwa na ya yule aliyechukua sampuli. Mashine zenyewe zinaweza kuunganishwa kwenye mtandao na kutuma majibu, hilo halihitaji uvumbuzi. Nisingedai mashine mpya.

Ningeongeza glasiyeri lakini umesema kimoja.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Mimi ningedai katriji zisizoisha. Oktoba 2024 WHO iliidhinisha katriji ya mpox ya GeneXpert kwa dharura, tukashangilia, maana mashine hizo zimejaa kwenye vituo vya kifua kikuu hadi vijijini. Halafu katriji zikaja kwa kuhesabiwa, na za kifua kikuu nazo zinataka nafasi kwenye mashine hiyo hiyo yenye milango minne. Anayekohoa na mwenye vidonda wanapanga foleni moja.

Mwana Birere (Goma)

Haya. Biashara bado ni biashara, sijabadilisha. Ila hiyo ya ujumbe wa simu hata mimi ningeiunga mkono. Yule mama wa Majengo amepata jibu?

Fundi wa Labo

Amelipata jana, siku ya 26. Nilikwenda mwenyewe kwenye labo kubwa na namba ya sampuli nimeiandika mkononi, kijana mmoja wa kompyuta akanitafutia kwa dakika tatu. Ni mpox. Mmoja wa wale wawili wa kitandani ameshatoka vipele, mkubwa bado safi. Nilichukua pamba ya huyo wa pili. Nilidhani mama atakataa. Alinitazama kidogo, akaniambia, "Na hii nayo miezi mingapi?" Kisha akamkunja mtoto shati.

Kijana wa Panzi (Bukavu)

Docta Fundi, glasiyeri ya bluu? Ina mpini mmoja umefungwa kwa kamba ya nailoni, na ubavuni imeandikwa "RUDISHA" kwa wino mwekundu?

Fundi wa Labo

NDIYO. Iko wapi?

Kijana wa Panzi (Bukavu)

Bandarini hapa, kwa mama mmoja anauza soda. Anasema aliikuta kwenye boti, hakuna aliyeiulizia. Mfuniko umepasuka pembeni. Anataka dola tano.

Fundi wa Labo

Mpe tatu, nitakurudishia kwa simu. Iweke kwenye boti ya Jumatatu, na mwambie nahodha asikalie.